Nimesaini fomu ya utafiti nikiwa mjamzito, mume wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nina mtoto wa kiume wa miaka minne, na sasa nina ujauzito wa wiki 29. Nakuandikia usiku, baba yao amelala. Kilichonifanya nikuandikie kipo kabatini, nyuma ya mashuka: chupa ya vidonge ambavyo hata mimi mwenyewe sijui ndani yake mna nini.

Nilipofika wiki ya 25 nilinyweshwa maji ya glukosi kliniki, nikatolewa damu mara tatu, nikaambiwa nina kisukari cha ujauzito. Sikushtuka sana, kwa sababu hata mimba ya kwanza nilikuwa nacho, ila safari ile kiligundulika mwishoni. Nimebadilisha ulaji, natembea kila siku, najipima kidoleni mara nne. Sukari ya baada ya kula imetulia. Ya asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, ndiyo imegoma: 5.7, 5.9, juzi 6.1. Nikaanzishiwa insulini ya usiku, na sindano nimeshaizoea.

Hapo ndipo nesi wa kliniki aliponieleza habari za utafiti. Wajawazito wanaotumia insulini wanagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wanaongezewa metfomini, dawa ya kisukari ya kumeza, nusu wanaongezewa kidonge kinachofanana nacho kwa kila kitu ila hakina dawa. Mimi sitajua nimeangukia wapi, na daktari naye hatajua. Mtoto akizaliwa watachukua damu ya kitovu, watampima mafuta ya mwili akiwa bado mchanga, kisha watamfuatilia mpaka afikishe miaka miwili. Karatasi zilikuwa kurasa 19. Nesi akasema, “Nenda nazo nyumbani, someni wote wawili, hakuna haraka.” Nilizisoma peke yangu wakati nasubiri kuitwa, nikazikunja.

Nilipomgusia mume wangu, hakuniacha nimalize. Niseme ukweli, si mkorofi. Ni mtu anayeamka kabla yangu ili anitayarishie mashine ya kupimia. Lakini mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.4, na muda mfupi baadaye sukari yake ikasoma 1.6. Walimtoa mikononi mwangu bado sijamaliza kushonwa, wakampeleka chumba cha watoto wachanga, akakaa siku tatu. Mimi sikuweza kutembea, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyesimama pale, na kila baada ya saa chache mtoto alitobolewa kisigino. Siku aliporudishwa kwetu, baba yake alimvua soksi akahesabu alama. Zilikuwa kumi na moja. Sasa nilipofungua ule ukurasa wenye picha ya kisanduku cha kioo ambamo mtoto hulazwa kupimwa mafuta, aliisukuma karatasi akasema, “Wa kwanza alitobolewa mara kumi na moja ili apone. Huyu naye atobolewe ili mtu aandike kwenye daftari?” Mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki iliyopita nilirudi kliniki nikasaini. Nikapewa chupa nianze jioni ileile. Leo ni siku ya tano na sijameza hata kimoja. Jumanne natakiwa kwenda na chupa, wahesabu vilivyobaki.

Utaniuliza kwa nini nilisaini. Ni kwa sababu ya mama yangu. Alipata kisukari akiwa na mimi tumboni, akaambiwa kitaondoka nikizaliwa. Kiliondoka. Kikarudi nikiwa na miaka kumi na mbili, na hakikuondoka tena. Leo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Pale mkononi walipomuunganisha mishipa pamevimba, na ukiweka kiganja chako juu yake unaisikia damu ikitetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Kila nikimshika mkono huo nasema mnyororo huu lazima ukatikie kwangu.

Sababu ya pili naona aibu kuitaja. Tangu nisaini nina namba ya simu ya yule nesi, na nikimuuliza jambo ananijibu. Mimba ya kwanza sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikijitoa naogopa nitarudi kuwa mtu wa foleni.

Shangazi, nimemkosea mume wangu? Nimemtumia mwanangu kabla hata hajaiona dunia? Nimeze au nirudishe?

Mama Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya lolote: insulini ya usiku iendelee kama ulivyoandikiwa, na vipimo vya kidoleni visirukwe. Hiyo ni tiba yako, utafiti uwepo usiwepo. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, usisubiri Jumanne wala usisubiri jibu langu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na nikuambie mapema jambo linalonihusu, ulipime nawe. Ninaishi na kisukari cha aina ya pili, mwaka wa 14 huu, na metfomini naimeza asubuhi na jioni. Imenitunza vizuri. Kwa hiyo ukiona nimeitetea mahali, jua ninaitetea kama mtu anayeitumia, na mimi nikiimeza haimfikii mtu mwingine. Wewe ukiimeza inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini haivuki, au huvuka kidogo mno. Tofauti hiyo moja ndiyo iliyozaa utafiti uliopewa karatasi zake, na nadhani ndiyo inayomkosesha raha mumeo, ingawa yeye hakuisema kwa maneno hayo.

Ninavyokuelewa, umebeba mambo matatu ukayafunga kitita kimoja: kidonge, siri, na mkono wa mama yako. Unaniuliza kuhusu kidonge. Lakini barua yako inapotetemeka, inatetemeka kwenye siri na kwenye ule mkono. Basi nitavifungua kimoja kimoja, kisha utaona mwenyewe kipi kimeshikana na kipi.

Nianze na mtoto wako wa kwanza, kwa sababu nahisi hakuna aliyewahi kukaa nanyi akawaeleza nini kilitokea usiku ule. Sukari ya mama hupita kwenye kondo, insulini ya mama haipiti. Mtoto anapopokea sukari nyingi, kongosho lake dogo hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe ili kuimudu, na insulini hiyo humnenepesha. Daktari wa Denmaki, Jørgen Pedersen, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1950. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo, lakini kongosho la mtoto bado liko kwenye kasi ya jana. Insulini imejaa, chakula hakuna, sukari inaporomoka. Ndiyo ile 1.6 mliyoiona. Wala haikuwa adhabu ya kosa lako. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Ulionyesha kwamba hatari hupanda polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, kama mteremko usio na ukingo. Hakuna namba moja ambayo ukiivuka umeangamia, na hiyo 6.1 ya juzi ni namba ya kuambiwa nesi, si ya kukukosesha usingizi.

Safari hii mambo ni tofauti tayari. Kisukari kimegundulika wiki ya 25 na kinatibiwa. Mwaka 2005 yalichapishwa majibu ya utafiti wa wanawake 1,000 wenye kisukari cha ujauzito: waliotibiwa kwa ushauri wa ulaji, kujipima na insulini walipohitaji, watoto wao waliopata madhara makubwa wakati wa kuzaliwa walikuwa asilimia 1, wa wenzao waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa asilimia 4. Hicho unachokifanya kila siku, kidole na sindano, ndicho chenye ushahidi mzito. Usikidharau kwa sababu kimekuwa mazoea.

Sasa kidonge. Unaandika kana kwamba chupa ile ni tiba, na mumeo anaongea kana kwamba ni hatari. Kwa ruhusa yako niulize: mnajuaje? Kama ingekuwa inajulikana kwamba metfomini juu ya insulini inawafaa wajawazito kama wewe, ungeandikiwa tu. Na kama ingejulikana inadhuru, hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu nusu yenu mpewe. Utafiti wa aina hii huruhusiwa pale ambapo wanaouendesha kwa dhati hawajui upande upi ni bora. Wewe unaweza kuwa umeshika dawa, au umeshika unga mtupu ulioshindiliwa. Ukimeza kwa imani kwamba unaukata mnyororo, kuna nafasi nusu kwa nusu kwamba unameza kitu kisicho na dawa kabisa.

Tunachokijua ni hiki. Mwaka 2008 utafiti wa wanawake 751 huko Australia na New Zealand ulilinganisha metfomini na insulini kwa kisukari cha ujauzito. Matatizo ya watoto wachanga yalikuwa sawa pande zote mbili, na karibu nusu ya waliopewa metfomini walihitaji insulini pia. Akina mama wengi waliipenda metfomini kuliko sindano. Watoto wale walifuatiliwa. Wakiwa na miaka miwili, waliotoka upande wa metfomini walikuwa na mafuta zaidi chini ya ngozi sehemu kadhaa za mwili, ingawa jumla ya mafuta ilikuwa sawa. Baadaye, kundi la mji mmoja lilipopimwa likiwa na miaka 9 lilionekana kuwa na miili mikubwa zaidi; kundi la mji wa pili, lililopimwa likiwa na miaka 7, halikuonyesha tofauti. Kisha mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine, Kanada na Australia, wa wajawazito 502 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao si wewe, lakini muundo wake ni kama wa kwako: insulini pamoja na metfomini, au insulini pamoja na kidonge kitupu. Waliopata metfomini waliongezeka uzito kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, na walihitaji insulini kidogo zaidi. Wachache zaidi miongoni mwao walijifungua kwa upasuaji. Lakini watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wao wa mimba walikuwa asilimia 13, dhidi ya asilimia 7 upande wa pili. Walipofikisha miaka miwili, mafuta ya mwili hayakutofautiana.

Soma aya hiyo na mumeo. Utaona kwamba swali lake, “huyu mtoto atakuwaje baadaye?”, ndilo swali la watafiti wenyewe, na ndiyo maana wanataka kumpima hadi miaka miwili. Ulimwona kama mtu asiyeelewa. Mimi naona ameelewa jambo moja kwa undani, kupitia soksi ndogo aliyoivua, na hakuna aliyemuuliza.

Nikae kidogo hapo kwenye kisigino, kwa sababu naamini “hapana” yake imetoka pale zaidi ya kwenye zile kurasa 19. Siku hizi katika hospitali nyingi mtoto ambaye sukari yake imeshuka hupakwa jeli ya glukosi ndani ya shavu, kwa kidole, kisha anarudishwa kifuani kwa mama yake anyonye. Jeli hiyo ilipimwa New Zealand, na majibu yakachapishwa mwaka 2013. Wazazi waliwaandikisha watoto zaidi ya 500 waliokuwa kwenye hatari, wakiwemo watoto wa mama wenye kisukari. Kati yao, 242 sukari ilishuka, nusu wakapakwa jeli yenye glukosi na nusu jeli isiyo nayo. Ilisaidia, na watoto wachache zaidi walitenganishwa na mama zao kwa ajili ya sukari. Sikuelezi haya ili uende ukamshinde kwa hoja. Baba aliyesimama usiku ule peke yake hashindwi kwa hoja, na ukijaribu atafunga mlango zaidi. Nakueleza kwa sababu kuna swali la kupeleka kliniki ninyi wawili: mtoto huyu akishuka sukari, mtafanya nini, na je, ataweza kubaki na mama yake? Jibu la swali hilo halitegemei utafiti. Pengine ndilo analohitaji kulisikia kabla ya mengine yote.

Kile kisanduku nacho tukiondolee giza. Mtoto hulazwa humo akiwa uchi, kuna joto na dirisha la kumwona, na ndani ya dakika chache mashine inapima nafasi ya hewa aliyoichukua mwili wake. Kwa hesabu hiyo na uzito wake hupatikana kiasi cha mafuta. Hakuna sindano wala mionzi. Damu ya kitovu nayo huchukuliwa kwenye kitovu na kondo baada ya kukatwa, haitoki kwenye ngozi ya mtoto. Kama kutakuwa na kutobolewa kokote kwa ajili ya utafiti peke yake, lazima kumeandikwa kwenye zile karatasi. Tafuteni mahali hapo, mpige mstari, muulize ni mara ngapi.

Umeniuliza kama umemtumia mwanao. Neno zito hilo, na lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajawazito walipewa thalidomaidi kwa ajili ya kichefuchefu, dawa ambayo haikuwa imechunguzwa ipasavyo kwa ujauzito, na watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na viungo vilivyoharibika kabla haijaondolewa mwaka 1961. Dunia iliogopa, na ilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini woga ule ulizaa desturi ya kuwaacha wajawazito nje ya tafiti nyingi, na matokeo yake hadi leo dawa nyingi wanameza bila mtu kujua vizuri zinawafanyaje wao na watoto wao. Mumeo amesimama upande wa somo la kwanza. Wewe umesimama upande wa la pili. Mimi sioni kwamba kuna mjinga kati yenu.

Kuhusu nesi, hebu tulipime lile uliloona aibu kulitaja. Kwa mujibu wa Azimio la Helsinki, maadili ya utafiti yaliyopitishwa na chama cha madaktari duniani mwaka 1964 na kurekebishwa baadaye, msimamo wa utafiti wa binadamu ni kwamba mtu anaingia kwa hiari, na kukataa au kujitoa kusiharibu uhusiano wake na wanaomtibu. Kwenye karatasi zako lazima kuna sentensi inayosema hivyo. Ila najua sentensi ni kitu kimoja na simu inayopokelewa ni kitu kingine. Basi muulize nesi mwenyewe, uso kwa uso: “Nikijitoa, nitampigia nani?” Na ujiulize swali gumu kidogo: kama ungekuwa na mtu wa kupokea simu bila utafiti, ungesaini? Ikiwa jibu ni hapana, hilo si la kuonea haya. Linakuonyesha ulichokuwa unakitafuta.

Sasa siri. Uliyesaini ni wewe, na mwili ni wako. Kwa sehemu inayokuhusu wewe, ridhaa ni yako. Sehemu ya mtoto akishazaliwa inaweza kuhitaji baba naye, kulingana na sheria za mahali mlipo, na hilo kliniki watakujibu. Lakini niache sheria. Kinachonipa wasiwasi ni usiku mmoja ambao naomba usifike: umekimbizwa hospitali, huwezi kusema, na daktari anamgeukia mumeo, “Anatumia dawa gani?” Naye anajibu, “Insulini tu.” Waliomo kwenye utafiti wa kidonge kisichojulikana kwa kawaida hupewa kadi yenye namba ya dharura, ili msimbo ufunguliwe ijulikane ulichomeza. Kadi iliyofichwa nyuma ya mashuka haimsaidii mtu. Tena metfomini mara nyingi huanza kwa kuvuruga tumbo, kichefuchefu na kuharisha. Utaficha vidonge, tumbo hutalificha.

Kwa hiyo kumeza kimyakimya ni njia iliyopo, ila sasa unaijua gharama yake. Njia nyingine ni kumweleza na kuendelea, ukikubali kwamba ataumia kwanza, labda kwa siku kadhaa, na kwamba atakuuliza kwa nini hukumwamini. Unaweza pia kujitoa kabisa. Basi utafute mahali pa kuweka ile hamu ya kufanya kitu kwa ajili ya mama yako, la sivyo itageuka kinyongo kwa mumeo. Na ipo njia ya katikati ambayo huenda hukuiona: mara nyingi mtu anaweza kuacha kidonge lakini akaruhusu vipimo vyake viendelee kuandikwa, au kukubali sehemu ya ujauzito na kuikataa ya mtoto. Uliza kama utafiti wako unaruhusu. Uliza pia damu itahifadhiwa miaka mingapi, kama itachunguzwa vinasaba, na ukijitoa itafanywaje. Uliza nani hulipia matibabu iwapo mmoja wenu atadhurika. Mume mwenye maswali ni mtu mzuri wa kukaa naye kwenye chumba hicho.

Hata ukichagua nini, usije ukavitupa vidonge vya siku tano ili hesabu ya Jumanne ikae sawa. Najua vishawishi vyake, mtu hapendi kuonekana amewaangusha waliomfanyia wema. Lakini watakuandika kama mtu aliyemeza, na kuna mama mwingine atakayeandikiwa dawa kwa kutegemea ulichowaambia. Sema tu, “Sijaanza, kwa sababu nyumbani hatujaelewana.” Wanaofanya kazi hiyo wameshaisikia sentensi hiyo mara nyingi.

Nimebakiza mkono wa mama yako, na hapa moyo wangu uko nawe kabisa. Tazama tena ulivyoiandika habari yake: kisukari kiliondoka, kikarudi ukiwa na miaka kumi na mbili. Ni kipindi kirefu hicho, na barua yako haisemi kama kuna aliyempima katikati. Wanawake wa ule utafiti wa nchi 9 walipofuatiliwa, miaka 10 hadi 14 baada ya kujifungua, zaidi ya nusu ya waliokuwa na viwango vya sukari vya kisukari cha ujauzito tayari sukari yao ilikuwa na kasoro, wengi wao ikiwa bado haijafikia kisukari kamili. Wenzao wasiokuwa nacho walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo kama unatafuta mahali pa kuushika mnyororo, upo sana kwenye miaka baada ya kujifungua. Kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya mtoto kuzaliwa, ambacho wengi hawarudi kukifanya kwa sababu mtoto analia na mama amechoka. Kisha kupimwa mara kwa mara, maisha yote. Na ipo habari ambayo huenda hukuitegemea: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wanawake waliowahi kupata kisukari cha ujauzito na ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walipunguziwa hatari kwa takriban nusu, ama kwa mazoezi na kubadilisha ulaji, ama kwa metfomini. Kidonge hichohicho, wakati mwingine, mtu hayuko mjamzito.

Sisemi hivyo ili kukutoa kwenye utafiti. Nasema ili usiingie wala kutoka ukidhani kwamba mama yako, wewe na mtoto huyu mmetundikwa kwenye chupa moja.

Ungekuwa karibu yangu, ningekuomba jambo dogo kwa usiku wa kesho. Kabla hujaitoa chupa kabatini, muulize baba yao kuhusu zile siku tatu. Alisimama wapi, nesi alikuwa anasema nini, aliwaza nini alipokuwa anahesabu. Usimkatize, na usijibu kitu mpaka amalize. Halafu ndipo useme la kwako, lote, pamoja na kusaini. Jumanne ikifika hamjaelewana, pigeni simu muombe wiki moja zaidi, na muulize mwisho wa kuanza vidonge ni wiki ya ngapi ya ujauzito, ili mjue mna muda kiasi gani.

Niandikie ukishajifungua, nijue mtoto ana kilo ngapi.

Shangazi